Mamlaka ya Upambanuzi wa Ndugu

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Februari, ilitangazwa, hakuna mzazi wa Sarang'ombe, mtaa wa Kibera, atakayeruhusiwa tena kuwa na watoto wawili wenye majina yanayofanana. Aliye nao tayari hatashtakiwa, kwa sababu mamlaka ina huruma. Watoto wake watahesabiwa mtu mmoja.

Tangazo hilo lilisomwa uwanjani chini ya hema la mistari, na wananchi wakalipigia makofi marefu, maana soda zilikuwa bado hazijagawanywa. Aliyeliandika neno kwa neno ni Makau Mutiso, afisa upambanuzi daraja la tatu, mwanamume wa miaka thelathini na minne aliyeamini kwa moyo safi kwamba nchi haiwezi kuendelea ikiwa Brian na Ryan wamelala kitanda kimoja. Alisimama nyuma ya vipaza sauti akiwa na faili kifuani. Kila makofi yalipolia alihisi machozi yakimkaribia, na hakuona aibu kuyaacha yakaribie.

Jina kamili lilikuwa Mamlaka ya Upambanuzi wa Ndugu, kwa kifupi MAUNDU. Makau, Mkamba wa Kitui, alikiona kifupi hicho kuwa cha heshima kwa sababu mjomba wake aliitwa hivyo hivyo, na alikuwa mtu wa maana, mwenye ng'ombe na redio. Kazi ya mamlaka ilikuwa wazi. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba kompyuta za umma zinachoka. Zinachoshwa na akina Calvin na Kelvin, akina Mercy na Nancy, watoto wa nyumba moja ambao ukimwita mmoja wanaitika wote. Kununua kompyuta nyingine kulionekana ni gharama, ikaamuliwa ni nafuu kupunguza watu.

Uzito wote ulikuwa kwenye Kanuni ya Nne. Ilisema kwamba ndugu wa tumbo moja ambao majina yao ya kwanza yanaanza au kuishia kwa mlio mmoja watachukuliwa kuwa mtu mmoja, naye atakuwa yule aliyetangulia kuzaliwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kuthibitisha vinginevyo kulikuwa jambo rahisi. Mama mzazi alitakiwa kufika dirishani yeye mwenyewe, ajaze Fomu ya Saba, na atamke mbele ya afisa alizaa mara ngapi. Kisha fomu ilipelekwa kwa Kamati Kuu, wajumbe watatu waliokaa katika jengo la vioo huko mjini. Kwa miezi mitatu Kamati Kuu ilikuwa imepokea fomu mia nne na kumi na mbili na kuzikataa zote, jambo ambalo Makau alilitaja katika ripoti yake kuwa dalili ya umakini.

Huko mitaani mambo yalinyooka upesi. Kelvin wa karibu na reli alikamatwa kwa kosa la Calvin, na Calvin akampelekea chapati kituoni, ikaonekana kwamba undugu unaimarika. Mtoto mmoja wa chekechea aliambiwa hawezi kuchanjwa kwa sababu alishachanjwa akiwa dada yake. Waliotaka kubadilisha majina walielekezwa kwenye Orodha ya Majina Yasiyofanana na Chochote, ambayo ilikuwa na majina kumi na moja na ilikwisha siku ya kwanza kabla ya saa nne. Makau aliyaona hayo yote kupitia dirisha la ofisi yake, ambayo ilikuwa kontena la kijani, na jioni alirudi nyumbani akiwa ameridhika.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kongo huko Kawangware, sifa zilikuwa haba. Mkewe, Mwongeli, alimsikiliza akieleza Kanuni ya Nne kutoka mwanzo hadi mwisho huku akikanda unga wa chapati. Alipomaliza, Mwongeli alikung'uta mikono.

"Baba Nduku, mimi na dadangu Mwende, majina yetu si yanaanza sawa?"

"Yanaanza sawa."

"Na mimi ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Basi leo sioshi hivi vyombo. Mwende ameosha vyake huko kwake. Nimeshaosha."

Makau alimweleza kwa upole kwamba kanuni bado haijafika Kawangware. Ilikuwa ya majaribio, Kibera kwanza.

"Na kwa nini Kibera kwanza?"

"Huko watu ni wengi."

"Huku si wengi?"

"Huku nakaa mimi," Makau alisema kabla hajafikiri, kisha akainuka na kuviosha vyombo yeye mwenyewe.

Mwongeli hakuelewa, au alijifanya haelewi, kwamba kuna barua. Kwa miaka sita Makau alikuwa mtu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, leo idara hii, kesho ile, kama godoro la wageni. Sasa Mwenyekiti wa Kamati Kuu alikuwa ameahidi kwamba ifikapo mwisho wa Mei atatia sahihi barua ya kumwajiri kwa kudumu. Makau aliitaka barua hiyo kwa namna ambayo mtu mzima hapendi kuonekana akitaka kitu.

Katika wiki hiyo hiyo ya mwisho wa Mei, Jumatatu, Annet Nasipwondi alifika dirishani.

Annet alikuwa na cherehani katika Soko la Toi, kwenye mstari wa sare za shule. Kazi yake ilikuwa kushona majina. Mzazi ananunua sweta, anaandika jina la mtoto kwenye karatasi, na Annet analishona kwa uzi wa njano ndani ya kola ili sweta isiibwe. Alikuwa amefunga kibanda asubuhi hiyo. Kando yake alisimama binti yake, Valerie, wa miaka kumi na mitano, amevaa sare na ameshika bahasha ya kaki.

"Sasa, ofisa," Annet alisema. "Huyu mtoto wamemkataa shuleni. Ako Gredi ya Tisa, wanaandikisha mtihani, na mwalimu anasema kompyuta imesema ameshaufanya."

Makau aliandika jina. Kigurudumu kidogo kikazunguka kwenye kioo, kisha yakatokea maandishi ya kijani. WANZALA, VALENTINE. MTU: 1. MTIHANI: ULIFANYWA MWAKA JANA. ALIPITA.

"Hongera," alisema Makau. "Alipita vizuri."

"Huyo ni dada yake, Valentine. Huyu ni Valerie. Si unamwona? Ako hapa."

Makau aliinama akachungulia. Kwa upande wa macho, msichana alikuwepo. "Mama, mimi sikatai kwamba anaonekana."

"Kama nilipita," Valerie alidakia, "si mnipe result yangu niende senior school?"

"Result umeshapewa."

"Saa ngapi?"

"Mwaka jana. Na uko shule sasa hivi, darasani, kulingana na hii."

"Zii. Mimi niko hapa kwa dirisha naongea na wewe."

Makau alikubali kwamba hilo lilikuwa changamoto. Alimgeukia mama na kumwuliza, kwa huruma ya kweli, jambo ambalo alikuwa ametaka kumwuliza kila mama aliyefika pale. Kwa nini mzazi mwenye akili zake awape watoto majina yanayofanana?

Annet hakujibu kwa mdomo. Alimshika bintiye begani, akamgeuza, akapindua kola ya sweta. Ndani yake palikuwa pameshonwa VAL W. kwa uzi wa njano uliofifia.

"Sweta ni moja," alisema. "Valentine ameivaa, sasa ni huyu, baadaye Valencia ambaye yuko Gredi ya Sita. Kazi yangu ni hii, ofisa, najua. Wazazi wananiletea sweta ya mkubwa nifumue jina nishone la mdogo. Ukifumua mara mbili kola inaachia, sweta imeisha. Mimi nilipanga kutoka mwanzo. Baba yao, Boaz, alitaka Mideva, jina la mamake. Nikamwambia hilo la Mideva litaitwa kanisani. Kwa sweta ni Val."

Makau alitazama nyuma kama kuna mtu anayesikiliza. "Mama, hiyo usiseme kwa sauti. Hiyo ni kupanga."

"Ndiyo, nilipanga. Orodha ya shule inafungwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Asipokuwa kwa hiyo orodha anakaa nyumbani mwaka mzima." Sauti ya Annet ilishuka. "Msichana wa miaka kumi na tano akikaa mwaka mzima bure hapa Sarang'ombe, wewe unajua vile inaendaga. Ama nikuelezee?"

Hakuhitaji kuelezewa. Makau alikuwa na Nduku, wa miaka minane, na alijua. Alimpa Annet Fomu ya Saba, naye akaijaza palepale akiwa amesimama. Alitamka kwamba alizaa mara tatu, na kwamba mara zote tatu alikuwepo. Fomu ilikwenda mjini Jumatatu alasiri na kurudi Jumanne asubuhi na muhuri wa IMEKATALIWA. Mamlaka haikuwa imewahi kutoa huduma kwa kasi kama hiyo.

Makau alipompa karatasi ile, Annet aliikunja mara nne bila kusema neno. Wengi walipofika hapo walitukana, na Makau alikuwa amezoea matusi. Ukimya ule ndio uliomshinda. Akajikuta anaigeuza Fomu ya Saba na kumwonyesha, sehemu ya chini kabisa, pale gundi hupakwa, maandishi madogo ya Kanuni ya Kumi na Moja kuhusu rufaa. Hakuna aliyewahi kukata rufaa kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona. Rufaa ilitakiwa kusikilizwa na Kamati Kuu nzima, ana kwa ana, katika mtaa anaokaa mlalamishi. Na rufaa ambayo haijasikilizwa kufikia saa tisa alasiri ya siku iliyopangwa ingehesabiwa kuwa imekubaliwa. Kifungu hicho cha mwisho Makau alikuwa amekinakili kutoka sheria ndogo za ugawaji wa vibanda vya soko, akasahau kukiondoa.

Kwa nini alimwonyesha, mwenyewe hakujua. Alijiambia kwamba ni uwazi katika utoaji huduma. Annet alikata rufaa palepale, nayo ikapangiwa Ijumaa.

Ijumaa saa tano asubuhi Kamati Kuu iliwasili kwa magari matatu makubwa ambayo hayakuweza kupita kwenye kijia, kwa hiyo waheshimiwa walitembea hatua mia mbili wakishika suruali kwa vidole viwili. Watu walijaa nje ya kontena, wengine wamepanda juu ya mabati ya jirani. Ilikuwa mara ya kwanza Makau kuwaona wote watatu pamoja. Alikuwa akiwajua kwa vyeo, Mwenyekiti, Naibu Mwenyekiti na Katibu, na kwa sahihi zao, ambazo zote zilisema Ndegwa. Hilo halikuwa limemshangaza, maana akina Ndegwa ni wengi. Sasa aliona pia kwamba walikuwa na paji la uso lile lile, na walipoketi walikohoa pamoja. Makau alivutiwa na jinsi uongozi unavyoweza kuwafananisha watu.

Mwenyekiti alipokuwa akipita alimgonga Makau begani, akafungua koti kidogo na kumwonyesha ncha ya bahasha nyeupe. "Barua yako hii," alinong'ona. "Maliza hii kitu haraka."

Kisha aliketi na kumtazama Annet, aliyekuwa kwenye benchi pamoja na Valerie. "Mama, hii mamlaka haikuchukii," alisema. "Inakuhesabu tu. Tuendelee, niko na lunch."

"Kabla ya hapo, mheshimiwa," Makau alisema, "Kanuni ya Kumi na Moja, kifungu kidogo cha pili. Kila mjumbe ataje jina lake kamili na la mama yake mzazi, niingize kwenye kompyuta. Ni utaratibu tu."

Haikumpitia akilini kwamba anafanya jambo lolote. Wajumbe hawakuwa wamewahi kuingizwa kwenye kompyuta ile kwa sababu hawakai Kibera, na yeye alikuwa mtu wa kujaza nafasi zote zilizo wazi.

"Wilson Ndegwa," alisema Mwenyekiti. "Mama, Wangechi."

"Gibson Ndegwa," alisema Naibu, kisha akamtupia jicho Mwenyekiti. "Mama, Wangechi."

Katibu alikuwa ameanza kutazama dari. "Andika tu Katibu."

"Jina, mheshimiwa."

"Jackson."

"Na mama?"

"Huyo huyo."

Makau aliandika, akabonyeza, akangoja. Kigurudumu kikazunguka. Maandishi ya kijani yakatokea. NDEGWA, WILSON. MTU: 1. AKIDI INAYOTAKIWA: 3. KIKAO HAKIJATIMIA.

Aliyasoma mara tatu. Jambo la kwanza alilohisi, lazima isemwe, lilikuwa fahari. Mashine ilikuwa imefanya kazi bila woga wala upendeleo, kama alivyoahidi kwenye hotuba. Jambo la pili lilikuwa hofu ya kuikosa barua. Bahasha ilikuwa hatua mbili kutoka alipoketi. Angeweza kusema stima imepotea, maana stima hupotea kila siku na hakuna ambaye angeuliza.

"Soma," Annet alisema kutoka kwenye benchi. "Si huwa unasoma? Mimi ulinisomea."

Makau aliinua macho. Kando ya mama yake, Valerie alikuwa amefungua kitabu cha sayansi juu ya magoti, anafuata mistari kwa kidole, midomo ikitikisika. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani ambao kisheria alikuwa ameshaupita. Makau aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio, na kabla haijapoa akasoma kwa sauti kila neno lililokuwa kwenye kioo, pamoja na ile nukta ya mwisho.

Kisha juu ya mabati mtu akacheka, na kicheko kikashuka kwa jirani kikazunguka kontena lote.

"Hiyo mashine imeharibika," alisema Mwenyekiti.

"Haijawahi, mheshimiwa. Ulisema mwenyewe siku ya uzinduzi kwamba haikosei."

Naibu Mwenyekiti, ambaye alisomea sheria na kukaribia kumaliza, aliinua mkono. "Tulieni. Ikiwa kamati ni mtu mmoja, basi Kanuni ya Nne ilipitishwa bila akidi. Kwa hivyo Kanuni ya Nne haipo. Kwa hivyo sisi ni watatu."

"Sawa," alisema Katibu. "Lakini tukiwa watatu, akidi ilikuwepo. Kanuni ilipita. Kwa hivyo ni mmoja."

Walitazamana. Mwenyekiti alifuta jasho. "Na ikiwa ni mmoja, ni nani?"

"Wa kwanza kuzaliwa," alisema Makau. "Kanuni ya Nne."

"Basi ni mimi," alisema Mwenyekiti, na sura yake ikatulia kwa mara ya kwanza.

"Na gari yangu?" aliuliza Katibu.

"Ni yangu."

"Na ofisi yangu, ile ya kona?"

"Jackson, usilete utoto. Kama mimi ndiye wewe, ofisi haijaenda mahali."

"Hata ile baiskeli ulisema hivyo hivyo," alisema Katibu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ile ya Krismasi. Ulisema tuko pamoja, na hukuniachia hata siku moja."

Kuanzia hapo walihama kutoka Kiswahili kwenda Kikuyu, na kutoka kanuni kwenda shamba la urithi. Naibu alirudi mara kadhaa kwenye hoja yake ya akidi, kila mara akiingia na watu watatu na kutoka na mmoja. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, na lunch ya Mwenyekiti ikapita nayo. Muuza mahindi alileta jiko lake mbele ya kontena akafanya biashara nzuri. Saa nane Annet aliuliza kama anaweza kumpeleka mtoto akanywe chai.

"Kaa tu, mama," Makau alimjibu. "Kikao bado hakijaanza."

Ilipogonga saa tisa kamili alisimama, akavuta karatasi ya Annet, akaipiga muhuri. Ili pasiwe na shaka, akaipiga mara ya pili.

"Rufaa imekubaliwa," alitangaza. "Valerie Wanzala ni mtu."

Mwenyekiti aligeuka kama aliyeamshwa. "Imekubaliwa na nani?"

"Na saa, mheshimiwa."

Valerie hakungoja ufafanuzi. Aliinyakua karatasi, akaruka juu ya mguu wa Katibu, akapotea kwenye umati akiikimbilia shule, na watu wakampisha wakimpigia miluzi. Mwenyekiti naye alitoa bahasha nyeupe ndani ya koti, akairarua vipande vinne mbele ya macho ya Makau, akaviweka mezani kwa utaratibu. Ilimuuma Makau, tusidanganyane. Alikaa akiviangalia vile vipande mpaka waheshimiwa wakaondoka, wakiwa bado wanabishana ni gari gani kati ya yale matatu ambalo lipo.

Annet alibaki nyuma kufunga mkoba wake.

"Ofisa, hii kitu ungefanya Jumatatu."

"Jumatatu sikuwa najua, mama."

"Ulikuwa unamwona," alisema Annet, akaenda zake kufungua kibanda.

Makau alifikiri juu ya neno hilo wiki nzima iliyofuata, na alikuwa na nafasi ya kufikiri, maana mkataba wake ulikuwa umebakiza mwezi mmoja na hakuna aliyeweza kumfukuza. Anayeruhusiwa kumfukuza afisa ni Kamati Kuu, kwa kura za watu wawili. Kompyuta ya kontena ilikuwa imeunganishwa na kompyuta za makao makuu, na ile habari ya Ndegwa mmoja ilifika huko Jumatatu asubuhi. Kufikia mchana lango la jengo la vioo lilimruhusu Ndegwa wa kwanza aliyefika, nao wawili waliofuata wakaambiwa na askari kwamba wameshaingia. Kitu pekee kilichoweza kuwatenganisha kilikuwa Fomu ya Saba, inayojazwa na mama mzazi, dirishani, yeye mwenyewe.

Walimleta mama yao Alhamisi, kutoka Murang'a. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu habari za Kanuni ya Kumi na Moja zilikuwa zimefika hadi mtaa wa Laini Saba na kila mama alikuwa amekuja kukata rufaa. Mwenyekiti alijaribu kupita mbele. Wanawake hawakumtukana. Walimrudisha nyuma kwa adabu, na walipoona kaka zake wanajipanga nyuma yake, mmoja akawaambia, "Nyinyi mko mtu mmoja, chukueni nafasi moja." Wakakaa saa nne katika nafasi moja, wakibanana, huku mama yao ameketi kwenye mtungi uliopinduliwa, akila hindi alilonunuliwa na watu asiowajua.

Zamu yake ilipofika alijikongoja hadi dirishani, bibi mdogo wa mwili, amevaa sweta ya kijani na kitambaa kichwani. Wanawe walisimama nyuma yake wameshika kofia mikononi.

"Karibu, shosho," Makau alisema. "Pole na safari. Hapa unatakiwa tu kutamka. Hawa wanaume watatu, ulizaa mara ngapi?"

Bibi alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa leso, akaivaa, akageuka na kuwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na haraka.

"Mwezi wa tatu nililazwa hospitali siku kumi na mbili," alisema. "Wilson alifikiri Gibson amekuja. Gibson alifikiri Jackson amekuja. Jackson alituma dereva, na dereva akapotea."

"Maitu," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini, "hiyo si ya kusema hapa."

"Nimeulizwa." Bibi alirudi dirishani.

Makau aliweka vidole juu ya vibonye. "Kwa hivyo, shosho, niandike watatu ama mmoja?"

Bibi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akajiinua kwa ncha za vidole ili aone ndani.

"Hiyo mashine yako," aliuliza, "iko na sifuri?"

Makau akaangalia. Ilikuwa nayo.